Kocha wa kriketi: timu kubwa ya taifa, timu ndogo ya taifa, au timu ya ligi?

Phil Simmons na Stephen Fleming walikutana uwanjani wakiwa wachezaji, na wote wawili wamekula mkate wa ukocha kwa zaidi ya miaka 15. Simmons, mzaliwa wa Trinidad, amefundisha Zimbabwe, Ireland, West Indies mara mbili, Afghanistan, na tangu Oktoba 2024 yuko Bangladesh. Fleming, nahodha wa zamani wa New Zealand, alikabidhiwa Chennai Super Kings ya Ligi Kuu ya India (IPL) mwaka 2009 na amedumu nayo, isipokuwa 2016 na 2017 timu hiyo ilipofungiwa. Hajawahi kuwa kocha mkuu wa nchi yoyote.

Hao ni watu wawili wenye taaluma moja, lakini kazi zao hazifanani hata kidogo. Kijana wa Kampala, Nairobi au Dar es Salaam anayetaka kuishi kwa ukocha wa kriketi atasimama kwenye njia panda hiyo hiyo siku moja, na njia ziko tatu: timu ya taifa ya nchi kubwa, yaani mmoja wa wanachama kamili 12 wa Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC), timu ya taifa ya nchi mwanachama mshiriki, ngazi iliyo chini ya hiyo, kama zilivyo zetu zote za Afrika Mashariki, na timu ya ligi inayomilikiwa na matajiri.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kwa mtu wa kwetu, timu ndogo ya taifa ndiyo shule bora ya ukocha kuliko zote tatu, na ndiyo yenye mkataba dhaifu kuliko zote. Mambo hayo mawili yanakuja pamoja, na anayeichagua ayapokee yote mawili.

Nani anachagua kikosi?

Hili ndilo swali la kwanza ninalopima nalo kazi yoyote ya ukocha, kabla ya mshahara. Kocha anayelaumiwa kwa matokeo ya kikosi ambacho hakukichagua anabeba mzigo wa mtu mwingine.

Kwenye nchi kubwa, kikosi mara nyingi kinachaguliwa na kamati ya wateuzi. Kocha anaweza kuwa na kura, anaweza kuombwa maoni tu, na anaweza kunyang'anywa hata hayo. Simmons aliyaonja mwaka 2015. Alisema hadharani kwamba watu wa nje waliingilia uteuzi wa kikosi cha West Indies kilichokuwa kinakwenda Sri Lanka, ambacho Dwayne Bravo na Kieron Pollard waliachwa, naye akasimamishwa kazi. Alirudishwa, na Aprili 2016 akaipa West Indies ubingwa wa dunia wa ova 20 (ova moja ni mipira sita) pale Kolkata, fainali ambayo Carlos Brathwaite alipiga mapigo manne mfululizo ya mikimbio sita katika ova ya mwisho. Septemba ya mwaka huo huo kibarua chake kikaota nyasi. Alikuwa na kombe la dunia mkononi, na miezi mitano baadaye hana kazi.

Gary Kirsten naye, aliyeipa India Kombe la Dunia mwaka 2011 pale Mumbai, aliteuliwa Aprili 2024 kuifundisha Pakistan katika mechi fupi, za ova 20 na ova 50. Oktoba akajiuzulu, baada ya makocha kuondolewa kwenye uteuzi wa kikosi. Hakuwa ameiongoza Pakistan hata katika mechi moja ya ova 50. Miezi miwili baadaye Jason Gillespie, aliyekuwa na timu ya mechi za testi, zile za siku tano, akaondoka pia. Hao ni makocha wawili wenye majina makubwa, nchi moja, mwaka mmoja.

Kwenye ligi mambo yamenyooka zaidi. Kocha anakaa meza moja na mmiliki siku ya mnada wa wachezaji, wanapanga bajeti, wanamtaka huyu na kumwacha yule. Mnada ukiisha, kikosi ndicho hicho hadi msimu umalizike, na katika IPL huwezi kuanza na wachezaji wa kigeni zaidi ya wanne kati ya 11. Kocha anajua kanuni tangu mwanzo. Fleming alipata pia bahati ya kufanya kazi miaka mingi na nahodha mmoja, Mahendra Singh Dhoni, na wawili hao wakashinda IPL mwaka 2010, 2011, 2018, 2021 na 2023. Msimu wa 2025 Chennai waliburuza mkia, nafasi ya 10 kati ya timu 10. Katika nchi kubwa, msimu wa namna hiyo ungeitisha kikao cha dharura na tume ya uchunguzi.

Kwenye nchi ndogo, kocha mara nyingi ndiye mteuzi mwenye sauti kubwa, kwa sababu wachezaji wa kiwango cha kimataifa ni wachache na yeye ndiye anayewaona kila wiki. Hapo unajifunza kuamua. Hatari inatoka ofisini: viongozi wa chama wakibadilika, au wakikosa kuelewana wao kwa wao, kocha anaweza kujikuta nje bila mechi yoyote kuchezwa. Kenya ilimtangaza Dodda Ganesh, mrushaji wa zamani wa India, kuwa kocha mkuu Agosti 2024. Mwezi uliofuata uteuzi wake ukatenguliwa.

Unapata siku ngapi na wachezaji?

Hapa ndipo tofauti ni kubwa zaidi, na ndipo vijana wanaovutiwa na IPL wanapopaswa kufikiri sana.

IPL huchezwa kwa takribani miezi miwili. Kila timu ina mechi 14 za hatua ya makundi, zilizobanana, na safari za ndege katikati. Wachezaji wanafika kutoka kila kona ya dunia, wengine siku chache tu kabla ya mechi ya kwanza. Kocha hana muda wa kumbadilisha mrushaji namna anavyoachia mpira. Kazi yake ni kupanga: nani arushe ova ngumu za mwisho, nani apelekwe kumkabili mrushaji wa mkono wa kushoto, nani aambiwe apumzike bila kuvunjika moyo. Ni kazi ya akili nyingi na inahitaji mtu anayesoma watu haraka. Lakini mchezaji bora utakayemwona huko alifundishwa na mtu mwingine, mahali pengine.

Nchi kubwa inakupa mwaka mzima, na inauchukua wote. Kuna mechi za testi za siku tano, za ova 50, za ova 20, na ziara zinafuatana. Mike Hesson aliiongoza New Zealand kuanzia 2012, akaifikisha fainali ya Kombe la Dunia pale Melbourne mwaka 2015, timu ya nchi yenye watu wachache kuliko wakazi wa Dar es Salaam. Mwaka 2018, akiwa amebakiza mwaka mmoja wa mkataba na Kombe la Dunia jingine likikaribia, aliachia ngazi akisema kazi inahitaji nguvu zote na familia yake inahitaji muda wake. Baadaye akaenda kwenye ligi: Punjab na Bangalore za IPL, kisha Islamabad United aliyoipa ubingwa wa ligi ya Pakistan mwaka 2024, kabla ya kurudi timu ya taifa Mei 2025, safari hii Pakistan. Mtu mwenye watoto wadogo aitazame ratiba hiyo pamoja na mwenzi wake, kalenda ikiwa mezani, kabla ya kutia saini popote.

Halafu kuna timu ndogo. Wachezaji wako ni wanafunzi, wafanyakazi wa benki, wauza duka. Mazoezi ni jioni na mwisho wa wiki. Nyavu za mazoezi zinaweza kuwa mbili, na mashine ya kurusha mipira ikiharibika, unarusha mwenyewe. Wewe ndiye kocha wa wapigaji, wa warushaji, wa wadakaji, na mara nyingine ndiye unayetafuta basi. Mashindano makubwa ni machache kwa mwaka, kwa hiyo unakaa na mchezaji yule yule miezi na miaka, na unaona mabadiliko uliyoyaleta kwa mikono yako.

Simmons alikaa Ireland miaka minane, 2007 hadi 2015, akianza pale Adrian Birrell alipoachia baada ya kuitoa Pakistan kwenye Kombe la Dunia. Machi 2011 pale Bangalore, England ilifunga mikimbio 327. Ireland ilipoteza wiketi tano, yaani wapigaji watano walitolewa, ikiwa na 111 tu, kisha Kevin O'Brien akafikisha mikimbio mia kwa mipira 50, karne ya haraka kuliko zote za Kombe la Dunia hadi siku ile, na Ireland ikashinda kwa wiketi tatu. Mwaka 2015 pale Nelson ikaifunga West Indies kwa kufukuzia mikimbio 304. Mwaka 2017 Ireland ikapewa uanachama kamili. Kazi ya namna hiyo haifanyiki kwa miezi miwili ya ligi, na ni nadra kocha wa nchi kubwa kupewa miaka minane ya uvumilivu.

Na ni West Indies hao hao waliomchukua kutoka Ireland. Timu ndogo ilikuwa ndiyo barua yake ya kuombea kazi.

Mfano wa nyumbani

Sisi tunao ushahidi wetu. Sandeep Patil wa India aliinoa Kenya iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, ikiongozwa na Steve Tikolo. Ni kweli New Zealand waligoma kuja Nairobi kwa hofu ya usalama na Kenya ikapewa pointi, lakini Sri Lanka walikuja, na Collins Obuya akawang'oa wapigaji watano kwa mikimbio 24 mbele ya mashabiki wa nyumbani. Bangladesh na Zimbabwe nao walifungwa. India ndiyo iliyowasimamisha, pale Durban. Patil baadaye akawa mwenyekiti wa kamati ya uteuzi ya India.

Hesson pia alipitia Nairobi. Kabla ya New Zealand kumwita mwaka 2012, alikuwa kocha mkuu wa Kenya. Huyu ni mtu ambaye hakuwahi kucheza mechi hata moja ya daraja la kwanza, zile za siku kadhaa za kiwango cha juu. Wanaosema kwamba bila jina la uchezaji hupati kazi wamtazame yeye, na John Buchanan aliyecheza mechi saba tu za daraja hilo, kisha akaiongoza Australia kutwaa Kombe la Dunia mwaka 2003 na 2007.

Lakini Kenya ile ile ilipoteza hadhi yake ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za ova 50 mwaka 2014, na wakufunzi wamekuwa wakiingia na kutoka. Naumia kuliandika hili, kwa sababu vipaji vya viwanja vya Nairobi kama Ruaraka na Nairobi Gymkhana havikuisha siku moja. Kilichovunjika ni mwendelezo. Tikolo mwenyewe amefundisha Kenya, Uganda na Tanzania. Ukanda wetu una walimu wake, na kocha mgeni anayekuja bila kuwatafuta watu kama yeye anaanza kazi akiwa nyuma.

Pesa na mkataba

Mgawanyo wa mapato ya ICC wa 2024 hadi 2027 unaeleza mengi. India peke yake inapata takribani asilimia 38.5. Wanachama washiriki wote, zaidi ya 90, wanagawana takribani asilimia 11. Mshahara wa kocha wa Uganda au Tanzania unatoka kwenye fungu hilo dogo na kwa wadhamini wa ndani, na fungu linaongezeka au kupungua kulingana na matokeo. Ukishindwa kufuzu, bajeti yenyewe inatikisika pamoja na kiti chako.

Novemba 2023, kwenye mchujo wa Afrika pale Namibia, ilionekana wazi. Uganda iliifunga Zimbabwe, mwanachama kamili, kisha ikaifunga Rwanda na kukata tiketi ya kwanza ya Kombe la Dunia la ova 20. Zimbabwe ikabaki nyumbani, na mwezi uliofuata kocha wake Dave Houghton akajiuzulu. Upande wa Uganda nako hakukuwa na uhakika wa kudumu: Laurence Mahatlane, aliyetoka kufundisha vijana wa Afrika Kusini chini ya miaka 19, alikuwa ameijenga timu hiyo kwa miaka kadhaa, lakini Kombe la Dunia lenyewe, Juni 2024, liliongozwa na Abhay Sharma wa India. Unaweza kupanda mti na mwenzio akala matunda.

Kombe hilo linaonyesha pia kazi hii inadai moyo wa aina gani. Pale Guyana, Uganda iliifunga Papua New Guinea, na Frank Nsubuga, akiwa na miaka 43, akarusha ova nne kwa mikimbio minne tu na wiketi mbili. Siku tatu baadaye West Indies wakawatoa wote wakiwa na mikimbio 39 tu, kisha New Zealand wakiwa na 40. Kocha wa timu ndogo lazima ajue la kuwaambia vijana jioni ya 39, kwa sababu asubuhi kuna mazoezi. Kocha wa IPL hakutani na jioni hiyo mara nyingi.

Kwenye ligi malipo ni mazuri kwa muda mfupi, na makocha wengi huunganisha ligi mbili au tatu kwa mwaka. Fleming, kupitia wamiliki wale wale wa Chennai, anafundisha pia Joburg Super Kings kule Afrika Kusini na Texas Super Kings kule Marekani. Mlango wenyewe ndio mgumu: wamiliki hupenda majina waliyoyaona kwenye televisheni. Andy Flower aliyeipa Bangalore ubingwa wake wa kwanza wa IPL mwaka 2025 alikuwa ameshachezea Zimbabwe kwa heshima kubwa na kuifundisha England kabla ya hapo. Kijana asiye na jina asiiweke ligi kuwa hatua yake ya kwanza, atasubiri bila mwisho.

Mlango wa pembeni

Kuna wanaofaa zaidi kuwa wasaidizi: kocha wa wapigaji, wa warushaji, mchambuzi wa video. Lawama ni chache, siku za kushika mpira ni nyingi, na unaweza kuhama kutoka timu hadi timu bila kelele. Jonathan Trott alipitia huko, akiwasaidia wapigaji wa England na Scotland, kabla ya kupewa Afghanistan mwaka 2022 na kuifikisha nusu fainali ya Kombe la Dunia la ova 20 mwaka 2024. Mtu anayependa mbinu kuliko mikutano ya waandishi wa habari asione haya kubaki msaidizi maisha yake yote ya kazi.

Timu za vijana na za wanawake nazo zinastahili kutajwa kwa uzito, kwa sababu huko ndiko nafasi zinakofunguka kwa kasi. ICC ilizipa timu za wanawake za wanachama wake wote hadhi ya kimataifa ya ova 20 kuanzia Julai 2018, na za wanaume Januari 2019. Rwanda, chini ya Leonard Nhamburo wa Zimbabwe, ilipeleka wasichana wa chini ya miaka 19 kwenye Kombe la Dunia la 2023 na wakaifunga West Indies. Tanzania nayo ilishinda mchujo wa Afrika mwaka 2025 na kupeleka wavulana wa chini ya miaka 19 kwenye Kombe la Dunia la 2026. Rahul Dravid, mwenye jina ambalo lingemfungulia mlango wowote, alianza na vijana wa India na kushinda nao Kombe la Dunia la 2018. Timu ya wakubwa ilikuja baadaye, na ubingwa wa dunia wa ova 20 mwaka 2024.

Ningemshauri nani achague nini

Ukiwa umecheza kimataifa kwa miaka mingi, una jina, na unataka kuwa nyumbani sehemu kubwa ya mwaka, tafuta ligi, hata kama ni nafasi ya msaidizi.

Ukiwa tayari umeshaongoza timu na unaweza kuishi na presha ya magazeti na kutokuwepo nyumbani, nchi kubwa itakupa wachezaji bora duniani na jukwaa lisilo na mfano. Ingia ukiwa umeandikiwa kwenye mkataba kama una kura kwenye uteuzi au huna. Kama chama hakitaki kuliandika hilo, jibu umeshalipata.

Ukiwa na miaka 25 au 35, huna jina, una shauku na uvumilivu, basi anza na shule au klabu hapo ulipo, fanya kozi ya awali ya ICC ya makocha ambayo ipo mtandaoni, kisha omba nafasi yoyote kwenye benchi la ufundi la timu ya vijana au ya wanawake ya taifa. Kwenye mkataba wako wa kwanza, omba mambo matatu kabla ya kubishania mshahara: muda wa notisi, malipo yako timu isipofuzu, na jina la mtu mmoja unayewajibika kwake. Kisha hakikisha unafika kwenye mashindano ya mchujo ya kanda na yale ya wanawake ya Kwibuka, yaliyoanza Kigali mwaka 2014. Makocha wa nchi nyingine wanakaa pembeni mwa uwanja ule ule, wanaona nani anaandaa timu vizuri kwa vifaa vichache, na nafasi ya msaidizi inapopatikana Kampala, Windhoek au Muscat, wanakumbuka uliyekuwa ukirusha mipira saa moja asubuhi kabla ya mechi.